Namna ya Kumshukuru Mwalimu wa Mwanao kwa Gharama Ndogo na Sifa Kubwa

Mzazi mwenzangu, sogea nikuibie siri. Kumshukuru mwalimu wa mwanao ni kazi nyepesi, kwa sababu ushindani haupo. Katika darasa la watoto 80, wazazi wanaofika shuleni bila kuitwa ni wa kuhesabu kwa vidole. Anayefika kusema asante tu, bila kudai uhamisho wala kuulizia sweta iliyopotea, mwaka unaweza kwisha hajaonekana. Ukijitokeza wewe, umeshashika namba moja.

Ninayemwandikia ni mzazi wa kawaida. Anatoka nyumbani alfajiri, hela haikai mfukoni, na anapenda kusifiwa kama watu wote. Sitakutaka ubadilike. Sifa tutaitafuta, tena mchana kweupe, ila tutaipitisha kwa mwalimu kwanza. Njia za mkato zipo, nami nitakupa zote ninazozijua.

Hatua ya 1. Jua jina lake

Una mtoto darasa la tatu na hujui anafundishwa na nani. Usihangaike kwenda kuuliza ofisini. Leo usiku, mtoto akisubiri chakula kiive, muulize maswali matatu: mwalimu wako wa darasa anaitwa nani, hesabu anafundisha nani, na leo zamu ilikuwa ya nani? Atakujibu, kisha ataendelea mwenyewe. Atakuonyesha mwalimu anavyotembea, anavyoshika chaki, anavyosema "narudia kwa mara ya mwisho" mara nne. Mwache aigize. Ndani ya maigizo hayo mna mali utakayoihitaji hatua inayofuata.

Kesho ukikutana na mwalimu huyo kituo cha daladala, tayari una pa kuanzia. Walimu wengi wa siku hizi ni vijana, kwa hiyo atawahi yeye: "Shikamoo mama." Usiitikie ukapita zako. Simama. "Marahaba, mwalimu Rehema. Habari za kazi? Mimi ni mama Neema, wa tatu B." Sekunde chache hizo zimemwambia mwalimu kwamba nyumbani kwa Neema anatajwa, na anatajwa kwa heshima.

Hatua ya 2. Sifia jambo moja, basi

"Mwalimu, mnajitahidi sana" ni maneno ya mgeni rasmi. Kila mahafali yanasemwa, watu wanapiga makofi, na hakuna mwalimu aliyewahi kwenda nayo nyumbani. Wewe chukua kitu kimoja alichokuletea mtoto na umrudishie mwalimu kama kilivyo.

"Mwalimu, Neema jana amesoma bango la duka zima, tangu jina mpaka bei, tukiwa ndani ya daladala." Mwalimu aliyeshinda mwaka mzima na KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, akiunganisha ba, be, bi, bo, bu na watoto ambao nusu yao wamefika hawajanywa chai, atalala na sentensi hiyo. Au: "Alikuwa anakwama kwenye kugawanya. Juzi kagawa maandazi ya wadogo zake, yaliyobaki kayaandika baki." Umetumia dakika moja na hukumpamba kwa uongo.

Wanaotoa tuzo kubwa nao hutazama hivyo hivyo. Mwaka 2019 Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko aliyekuwa akifundisha hisabati na fizikia katika sekondari ya Keriko, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, alipewa mjini Dubai tuzo ya Global Teacher Prize, yenye dola milioni 1. Yaliyotajwa juu yake yalikuwa mambo ya kushikika: alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia wasiojiweza, alikuza klabu ya sayansi, na yeye na wenzake walikuwa wakifundisha wanafunzi dhaifu mwisho wa wiki na kuwatembelea majumbani. Wewe huna dola milioni, lakini jicho hilo unalo, na halilipiwi.

Hatua ya 3. Fungua daftari

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo shukrani nyingi zinapopotea.

Chukua daftari la mwanao la hisabati. Tazama wino mwekundu. Kila alama ya vema ni mkono wa mtu uliosimama pale. Sasa piga hesabu: madaftari 80, dakika 2 kwa kila moja, ni dakika 160. Ni saa 2 na dakika 40 kwa zoezi moja la somo moja la siku moja, na mwalimu wa msingi anafundisha zaidi ya somo moja. Bado hajaandika andalio la somo la kesho. Bado azimio la kazi. Kiwango kilichopangwa kwa shule za msingi Tanzania ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, na mzazi yeyote aliyechungulia dirisha la darasa la mjini anajua kwamba wenye 45 wana bahati yao.

Cha kufanya ni kidogo mno. Kila Ijumaa pitia daftari, na chini ya zoezi la mwisho weka sahihi yako na neno moja: "Nimeona. Tumerudia namba 4 nyumbani." Jumatatu mwalimu akifungua, atakuta kuna mtu mzima mwingine ndani ya daftari hilo. Atalisahihisha kwa moyo mwingine. Na ukitaka njia ya mkato ya kumpendeza kupita zote, mtoto aende na penseli iliyochongwa na afike kabla ya kengele. Mwalimu asiyepoteza robo ya kipindi akitafutia watoto penseli amepewa zawadi kubwa kuliko keki.

Hatua ya 4. Jaza pale panapoachwa wazi

Ripoti ya muhula ina sehemu ambayo wazazi wengi wanairuka. Juu kuna masomo, alama, daraja, nafasi ya mtoto darasani. Chini kuna maoni ya mwalimu wa darasa, aliyoyaandika kwa mkono, mtoto kwa mtoto. Halafu maoni ya mwalimu mkuu na muhuri wake. Mwisho kabisa, mistari miwili mitatu ya nukta: "Maoni ya mzazi/mlezi." Kipande hicho hurudi shuleni.

Kinarudi na nini? "Nimeona." "Aongeze bidii." "Sawa." Vingine vinarudi na sahihi tupu, na vingine na doa la mafuta ya taa. Wewe jaza mistari yote mitatu. Usitafute Kiswahili cha magazeti. Andika hivi:

"Mwalimu, asante. Januari Neema alikuwa hajui kusoma sentensi, sasa ananisomea matangazo ya msikitini. Nimeona umemhamishia dawati la mbele, macho yake yanamsumbua kweli na tutampeleka hospitali likizo hii. Namba yangu ni ileile, nipigie wakati wowote."

Hayo ni maneno machache yenye mambo manne: shukrani, ushahidi, taarifa ambayo mwalimu alikuwa anaikisia, na mlango uliofunguliwa. Kipande hicho kitapita mezani kwa mwalimu mkuu pia. Kitasomwa kwa sauti ofisini, niamini, kwa sababu havipo viwili. Jina lako litatajwa. Si ulitaka sifa? Hiyo hapo.

Kama hukusoma, usijifiche. Mwambie mtoto aandike huku wewe unamtajia, kisha weka dole gumba. Mwalimu atapokea shukrani yako kwa mwandiko aliouotesha yeye mwenyewe. Hakuna mzazi mwenye shahada anayeweza kuandika kitu kikamshinda huyo.

Hatua ya 5. Subiri "mengineyo"

Kikao cha wazazi kina ajenda, na ajenda ya mwisho ni mengineyo. Hapo ndipo watu huamka. Choo hakina maji. Mchango wa uji umekwenda wapi? Mwanangu kapigwa. Yote ni halali kusemwa, na yanapaswa kusemwa. Ila wewe nyoosha mkono mapema, kabla hewa haijachafuka.

Simama. "Naitwa baba Juma, darasa la tano A. Nataka kumshukuru mwalimu Mushi wa sayansi. Amewapandisha watoto maharage kwenye makopo, na Juma sasa anamwagilia hata yasiyohitaji maji. Asante sana, mwalimu." Kisha keti. Usiseme "lakini." Usiunganishe na suala la choo. Ukiunganisha, watu watakumbuka choo.

Faida zake ni tatu. Wazazi watakupigia makofi, na makofi hayana ubaya. Mwalimu amesifiwa mbele ya wanaomwamulia mambo: mwalimu mkuu yupo, kamati ya shule ipo, pengine na afisa elimu kata. Na katibu ataandika katika muhtasari. Jalada la mwalimu hujazwa haraka na malalamiko, maana anayelalamika hupata nguvu ya kuandika barua. Anayeridhika hulala. Basi jalada hilo lipate karatasi moja ya upande wa pili.

Ukitaka kukoleza, andika barua kamili. Anwani yako kulia, ya mwalimu mkuu kushoto, "YAH: PONGEZI KWA MWALIMU WA SAYANSI, DARASA LA TANO A," aya mbili, nakala kwa afisa elimu kata. Barua za aina hii ni adimu, nayo yako haitasahaulika upesi.

Hatua ya 6. Zawadi, na siku ya kuitoa

Sasa tumefika penye utelezi, kwa hiyo vua viatu.

Zawadi nzuri ikitolewa siku mbaya inageuka kitu kingine. Kuku anayefika nyumbani kwa mwalimu wiki moja kabla ya mtihani anakuja na swali mdomoni, na mwalimu analisikia. Akimpokea, amefungwa. Akimkataa, ameonekana ana dharau. Umemtesa mtu uliyedai kumshukuru. Tena Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ipo, na anayetoa naye inamhusu. Na kwa mtihani wa taifa hata huo ujanja hauna soko: Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya 1973, ndilo linalosimamia mtihani wa darasa la saba na wa kidato cha nne. Mwalimu wa mwanao hasahihishi karatasi ya mwanao. Kuku wako amekufa bure.

Kanuni ni rahisi: toa baada ya mtihani, toa watu wakiona, na usiombe kitu. Mzazi wa darasa la saba ana nafasi ya dhahabu. Mtihani unafanyika Septemba. Siku ya Walimu Duniani ni tarehe 5 Oktoba. Kati ya siku hizo mbili mtoto ameshamaliza, huna unachokihitaji tena pale shuleni, na ndiyo sababu asante yako itakuwa safi kabisa. Wazazi wengi huishia langoni siku ile ya mwisho ya mtihani na hawarudi tena. Rudi wewe.

Siku hiyo ya Walimu ina historia ya kumwambia mwanao. Tarehe 5 Oktoba 1966 jijini Paris lilipitishwa Pendekezo la ILO na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu: maandalizi yao, ajira yao, haki na wajibu wao. Kuanzia 1994 UNESCO ikaifanya tarehe hiyo kuwa siku yao. Ukifika na kisingizio cha kalenda, hata mwenye aibu anaweza kutoa zawadi bila kueleza sana.

Utoe nini? Kile ambacho nyumba yake inakitumia. Sukari, mchele, mafuta, sabuni ya miche. Kuku wa kienyeji hawezi kukosea, ila mpeleke nyumbani jioni. Kuku aliyefungwa miguu na kulazwa chini ya meza ya ofisi kuanzia saa 2 asubuhi atawika katikati ya kipindi cha Kiingereza, na darasa halitarudi tena. Mwalimu anatembea na chaki na kalamu nyekundu siku nzima, kwa hiyo boksi la kalamu nyekundu halikai bure. Usidhani shule inazo za kumwaga. Serikali ilipoanza kulipia uendeshaji badala ya ada, ruzuku ya shule za msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima, na humo mna vitabu, mitihani, karatasi na ukarabati.

Mwalimu mwanamke ukimpa doti ya kanga, umefanya jambo zuri, ila soma jina la kanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla hujalipa. Mwuzaji atakukunjia haraka, wewe mwambie aitandaze. Kanga nyingi zina mafumbo ya kumrushia jirani au mke mwenza, na mwalimu akijifunga yako mstarini Jumatatu, walimu wenzake watasoma kabla ya wimbo wa taifa kwisha. Tafuta yenye dua au shukrani. Kama umekosa, chukua kitenge. Kitenge hakisemi.

Pesa taslimu usimpe mkononi. Kama wazazi wa darasa mnataka kuchanga, changeni kwa pamoja, awepo mweka hazina, pasiwe na kima cha chini, na kadi iandikwe "Wazazi wa tatu B," bila orodha ya majina na viwango. Najua wapo watakaotaka orodha isomwe. Hao wape kazi ya kusema siku ya kukabidhi. Wakishika kipaza sauti wataridhika, na yule mama aliyetoa shilingi 500 hataumbuka. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, michango ya lazima ilipigwa marufuku ili mtoto wa maskini asirudishwe nyumbani. Tusiirudishe kupitia mlango wa shukrani.

Na hili nalisema bila kuzunguka: usimlipe mwalimu kwa mgongo wa mtoto. Usimtume binti yako akamfulie, wala kijana wako akamlimie, wala yeyote akamchotee maji nyumbani kwake jioni. Wapo wazazi wanaoona ni adabu. Mtoto amekwenda shuleni kusoma, na mwalimu mwema hataki deni hilo. Zawadi ibebe wewe mwenyewe, mtu mzima kwa mtu mzima. Mtoto anayepita darasani na mfuko wa sukari anatazamwa na watoto 79 ambao mama zao hawana sukari.

Hatua ya 7. Toa ufundi wako

Huna hela? Afadhali. Waliokosa hela ndio wenye zawadi zinazodumu.

Nenda ofisi ya walimu ukatazame meza. Utaikuta moja yenye mguu mfupi, uliokingwa na kipande cha boksi kilichokunjwa mara nne. Mwalimu akiandika, inacheza. Akisahihisha, inacheza. Hivyo hivyo tangu muhula wa kwanza. Wewe seremala, hiyo ni kazi ya robo saa: kibao, misumari miwili, gundi. Ukimaliza, kila mzazi atakayekaa hapo atauliza nani katengeneza, na biashara itakufuata mpaka kibandani. Sioni ubaya wowote. Shukrani na matangazo vinaweza kukaa meza moja.

Fundi cherehani, mkatie mwalimu wa zamu shingo ya gauni bure. Bodaboda, mvua ikinyesha saa 10 jioni pita getini, mbebe yule anayekaa mbali. Fundi umeme, taa ya ofisi imeungua tangu lini? Mama lishe, siku ya kusahihisha mitihani ya muhula walimu wanachelewa kutoka. Sufuria ya chai na chapati itakumbukwa mwaka mzima. Mkulima, mahindi mabichi ya msimu hayakosi. Chagua kitu cha nusu saa kitakachoonekana miezi sita.

Kijijini anza mapema zaidi. Mwalimu wa ajira mpya anashuka kwenye basi na godoro, ndoo na begi, pengine ametoka mikoa mitatu mbali na hapo. Hajui kisima kiko wapi, mashine ya kusaga iko wapi, wala ni nani wa kumwuzia mkaa. Akilala njaa usiku wa kwanza, asubuhi anaanza kuandika barua ya kuomba uhamisho, na watoto wenu watakaa bila mwalimu wa hisabati mpaka mwakani. Wenyeji wakifika jioni hiyo na kuni, unga na mtu wa kumwonyesha njia, wameshashukuru kabla hata hajafundisha. Shukrani ya namna hiyo ndiyo iliyowabakiza walimu wengi vijijini. Hao wenyewe ukiwauliza kwa nini hawakuondoka, watakutajia jina la mama fulani aliyewaletea maji siku ya kwanza.

Hatua ya 8. Kumbuka wasiokumbukwa

Mwalimu wa awali, aliyemfuta mwanao makamasi na kumfundisha kushika penseli, mtoto akifika darasa la saba ameshamsahau. Mwalimu wa kujitolea ana cheti cha ualimu, anasubiri ajira, anafundisha vipindi sawa na wenzake, na posho yake inatoka kwa michango isiyotimia. Ustadhi wa madrasa na katekista, ada yao ya wiki mnaijua wenyewe mnavyoichelewesha. Mpishi wa uji. Mlinzi anayewavusha watoto barabara.

Kwa hao, chochote utakachofanya kitakuwa cha kwanza.

Hatua ya 9. Usiku, funga mdomo

Hii ndiyo rahisi kupita zote, na nimeiona ikiwashinda watu wenye akili.

Mtoto amerudi amekasirika. Mwalimu kamwonea, anasema. Ulimi unakuwasha kusema "na huyo mwalimu wenu naye..." Meza. Ukimchambua mwalimu mbele ya mtoto wa miaka 9, kesho saa 2 asubuhi unampeleka kwa mtu ambaye umeshamvua nguo. Kila atakachofundisha kitapita pembeni.

Una haki ya kulalamika, na wakati mwingine una wajibu. Mtoto akipigwa hadi kuumia, akitukanwa, akiguswa vibaya, usingoje hatua yoyote. Nenda siku hiyohiyo, kwa mwalimu mkuu, ustawi wa jamii na polisi. Lakini mengine mengi, ya alama, ya kukalishwa nyuma, ya adhabu ya kufagia, nenda kamwone mwalimu mwenyewe kwanza, peke yenu, mtoto akiwa mbali. "Mwalimu, nimekuja kuelewa." Utashangaa mara ngapi habari ina upande wa pili. Sifa ipeleke hadharani, lawama ipeleke chemba. Wengi tunafanya kinyume.

Hatua ya 10. Kama umechelewa miaka 30

Mwanao ameshamaliza chuo, na hatua zote hizo zimekupita? Bado una kazi. Kuna mwalimu aliyekufundisha wewe. Watumishi wa umma wanastaafu kwa lazima wakiwa na miaka 60, kwa hiyo pengine yuko nyumbani, ana bustani ya mchicha na muda mwingi.

Kumpata si vigumu. Uliza mwalimu mkuu wa shule yako ya zamani, uliza msikitini, uliza kanisani, uliza mwenzako uliyekaa naye dawati moja. Ukipata namba, piga. Usitume ujumbe, sauti ndiyo anayoitaka. Anza na "Shikamoo mwalimu." Atauliza wewe nani, na usiudhike, amefundisha maelfu. Taja shule, taja mwaka, taja darasa, taja dawati ulilokalia na siku aliyokutoa ubaoni. Atakupata. Kisha mwambie jambo moja tu alilokufundisha ambalo umelitumia wiki hii, kwa undani ule wa hatua ya 2.

Mwulize anaumwa nini, maana umri huo haukosi, na dawa zake anazipata wapi. Mwulize kama pensheni imekaa sawa au bado kuna makaratasi ya kufuatilia mjini; wewe uliye mjini ndiye mwenye miguu. Halafu mwite mwanao, huyohuyo mkubwa mwenye shahada, mpe simu, mwambie amwamkie mwalimu wa baba yake.